Akiba Aliyoiweka Waridi Mwilini mwa Houda

"Weka saini! Mi sikukuomba maneno, madamu. Nimekuomba saini."

"Siweki, mama Houda."

"Utaweka. Leo utaweka, hapa hapa."

"Nikiweka, nimemuua mutoto wako na kalamu."

Yaarabi! Nilikuwa nageuza maandazi, mikono ikanisimama juu ya mafuta. Neno kama hilo haambiwi mama wa mtoto kwenye kibaraza chake mwenyewe, tena na mtu aliyeshika kikombe cha chai cha nyumba hiyo. Waridi akainuka mkekani. Ni mwembamba, Waridi, spoku ya baiskeli ina nyama kumshinda, lakini alipoinuka alasiri ile niliona kivuli chake kinafika mpaka chooni kwa jirani.

"Rudia," akasema.

"Mama Houda, kaa basi."

"Rudia neno lako, we mwanamuke wa Uvira, nisikie vizuri kabla sijakutupa mu avenyu."

Odette hakuondoka. Aliweka kikombe chini polepole kama mtu anayelaza mtoto. Huyo Odette ndiye mwalimu wa darasa la nne, darasa la Houda. Mkongomani, mwimbaji wa kwaya, mwenye miguu mirefu kiasi kwamba akikaa mkekani magoti yanamfika masikioni. Alikuja kwa miguu yake hiyo, baada ya shule, kwa sababu Waridi alimwita. Na aliitwa kwa ajili ya karatasi.

Karatasi ilikuwa katikati yao, imebanwa na bakuli la sukari isipeperuke. Karani mmoja wa sokoni aliiandika kwa Kifaransa, kwamba Houda binti Massoudi asikimbie, asiruke kamba, asicheze mpira, wala asizuiwe chakula chake cha saa nne. Chini waliacha pengo la jina la mwalimu. Waridi hajui kusoma, mimi ndiyo kabisa, lakini pengo wote wawili tulikuwa tunaliona.

"Bila jina lako hapo," Waridi akasema, "kesho Houda harudi kwenu. Atabaki hapa ndani ya geti, na mimi. Mi nilisoma? Sikusoma. Nimekufa?"

"Houda mwenyewe anasema nini? Mwite tumusikie."

"Amelala," nikaingilia mimi, upesi kidogo kuliko inavyofaa. "Amelala mu chumba changu. Tumbo linamuuma. Muacheni mutoto."

Uongo mtupu. Houda alikuwa barabarani, na niliyemtuma huko ni mimi Sijaona, mpangaji wa chumba cha nyuma, bibi wa maandazi, na Waridi hakujua. Angejua dakika ile, leo nisingekuwa na mdomo wa kusimulia.

Lakini msimchukie Waridi. Mjueni kwanza.

Waridi alizaliwa hapa hapa Buyenzi, mjini Bujumbura, binti wa mzee Radjabu aliyekuwa akiuza ndagala wakavu, dagaa wetu wa ziwani. Alikuwa na mbio. Siku moja ya Idd kubwa mbuzi wa baba yake alikata kamba, na mbuzi yule alikuwa anajua vizuri anakimbia nini. Waridi akamkamata kabla hajavuka avenyu ya saba, maana mitaa yetu ina namba tu, na alikuwa na ndoo ya maji kichwani. Maji hayakumwagika. Nilikuwepo. Kuna watu watawaambia ndoo ilikuwa tupu. Hao ni watu wasiopenda wenzao wasifiwe.

Akaolewa na Massoudi, fundi wa magari, mtu wa maneno machache, anayelaza sikio juu ya boneti na kukuambia injini inaumwa wapi. Wakapata Karimu. Wakapata Houda. Halafu mwezi wa tatu wa mwaka wa tisini na tano, wiki tatu tu baada ya Idd, Buyenzi iliamka na bunduki, na avenyu nzima ikatoka na nguo iliyolala nazo. Tulitembea mpaka Uvira, ng'ambo ya mpaka. Sitasema tulipita juu ya nini. Karimu alikuwa na miaka mitano, mwembamba kama mama yake alivyo leo. Houda alikuwa na miwili, bado wa kunyonya, mapaja yamejikunja kama mikate.

Kambini kulikuwa na shitingi za buluu, yale maturubai ya wakimbizi, na matope, na kuhara. Kuhara kulikuwa kunapita hema kwa hema kama karani wa kuhesabu watu. Karimu, siku nne, tukamzika. Houda, wiki tatu nzima: akakauka, macho yakaingia ndani, baba yake akaanza kuuliza watu nani ana jembe. Halafu asubuhi moja akaomba uji.

Asubuhi ile Waridi alikaa nje ya hema, hakulia, akaniuliza, "Bibi Sijaona, kwa nini mumoja ameenda na mwingine amebaki?"

Asiyejua jibu hunyamaza. Mimi sijawahi kunyamaza tangu nilipoota jino la kwanza. Nikamwambia, "Mwanangu, Houda alikuwa na akiba mwilini. Amekula akiba yake." Nilitaka kumpooza tu, kama mtu anavyompulizia mwenzake aliyeungua. Yeye alilishika neno lile kama watu wanavyoshika aya.

Basi tuliporudi Bujumbura Waridi akaanza kuweka akiba.

Nchi za jirani zilifunga mipaka, sukari ikapotea mpaka sisimizi wakasahau ladha yake, Waridi akaipata. Mafuta yakapotea, akayapata. Alfajiri Houda alipewa uji wa karanga wenye mafuta juu ambayo unaweza kujiangalia uso ndani yake. Saa nne, maandazi matano. Mchana, wali na nyama, na nyama ya mama yake ikihamia sahani ya mtoto, ndiyo sababu Waridi alikonda akawa hivyo alivyo. Alasiri, fanta. Jioni, bugari, ndio ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo iliyolala katika mawese, na akisema ameshiba anaambiwa, "Mu vita hakuna anayeshiba."

Na lingine, hili mtadhani naongeza chumvi, waulizeni majirani. Nyumba nyingine zikisikia risasi hufunga madirisha. Waridi alikuwa anafunua sufuria. Risasi ya kwanza tu, hata ya mbali, hata ya mwanajeshi mlevi anayetafuta njia ya kwao: "Houda, njoo ukae, ukule." Kwani nani anajua kesho tutakula wapi? Mtoto akazoea. Anasikia mlio, anakaa chini alipo, anaangalia mikono ya mama yake.

Na sisi tulimsifu. Mtoto mnene wakati wa vita ni kama bati jipya juu ya nyumba: wapita njia wanajua hapa Mungu hajapasahau. "Mashallah, Waridi!" Wauguzi walipokuja mtaani na ule ukanda wa rangi tatu, wanaoufunga kwenye mkono wa mtoto kujua kama ana njaa, nyekundu ukiwa hatarini, kijani ukiwa salama, ukanda haukukutana kwenye mkono wa Houda. Muuguzi akacheka. Waridi alirudi anatembea kama bibi harusi. "Bibi, amepita kijani! Kijani chenyewe kimeisha!" Tulikula pilau siku ile. Mimi nilikula sahani mbili.

Hakuna aliyeuliza kijani kikiisha kuna rangi gani.

Watoto wa shule ndio walioona mapema. Walimwita Kamyo, yaani lori. Alikuwa akipanda ngazi nne za darasa anashika ukuta kwenye ya pili. Akilala, pumzi zake zilipiga filimbi nikizisikia mpaka chumbani kwangu nyuma, na mimi sikio la kushoto limekufa tangu enzi za Wabelgiji.

Sasa Odette. Alipofika shule ile alikuta watoto hawajatoka nje kwa muda wa miaka miwili. Wakubwa walikuwa wameufunga uwanja kwa hofu ya makombora ya waasi wa milimani. Mapumziko yalifanyika darasani, kila mtoto kwenye benchi lake, andazi mdomoni ili anyamaze. Maandazi yangu hayo, sikatai. Siku moja Odette akawatoa wakimbie mpaka ukutani na kurudi. Wembamba walihema, wanene walihema, mmoja akatapika. Akaenda kwa direkta, mkuu wa shule, bwana Télesphore, akamwambia, "Tunawaficha hawa watoto wasife, na hivi tunavyowaficha ndivyo wanavyoharibika."

Télesphore ni mtu wa kuogopa hata kivuli cha kalamu yake, lakini alikubali. Kila asubuhi mizunguko miwili karibu na ukuta, kisha kamba, kisha mpira wa matambara. Saa nne, ndizi au papai, na maji. Maandazi na fanta vibaki nje ya geti. Wazazi wakaitwa. Odette akasimama mbele akasema mtoto mwembamba aongezewe maharage na ndagala, na mtoto mnene apunguziwe mafuta na sukari, aongezewe mboga za lengalenga, na wote, wembamba na wanene, wakimbie. Mimi nilikaa benchi la nyuma nikimlaani kimoyomoyo kwa ajili ya beseni langu la maandazi. Waridi hakwenda. Aliniagiza niendelee kupitisha maandazi matano kwenye tundu la uzio, nami nikapitisha. Mkono mdogo ukitokeza kwenye tundu, we utafanya nini?

Majuma manne Houda alikimbia na wenzake. Kukimbia ni kusema tu. Alikuwa anatembea kwa hasira. Lakini alikuwa anakwenda, na mzunguko wa kwanza alianza kuumaliza. Ndipo likaja kombora.

Hiyo ilikuwa wiki mbili kabla ya ugomvi huu. Watoto walikuwa uwanjani. Lilipolia, wakakimbilia ukutani kama walivyofundishwa, watoto mia mbili na zaidi, vumbi likapanda kama moshi. Mimi nilikuwa kwenye uzio, nimelala juu ya beseni. Vumbi liliposhuka nikaona mtoto mmoja katikati ya uwanja. Amekaa. Amekunja miguu vizuri kama yuko kwao. Amefungua mkoba, anakula andazi langu. Machozi yanamtoka na anatafuna.

Odette alirudi. Alimshika kwapani akamburuta, na la pili likaangukia nyuma ya vyoo, mawe yakaruka juu ya vichwa vyao. Walifika ukutani. Houda alikuwa bado ana kipande mkononi.

Waridi alipoelezwa alielewa hivi: mwalimu amemtoa mtoto wangu nje kwenda kumwua. Karatasi ikaandikwa. Mimi nilielewa vingine, na siku tatu nilishindwa kula maandazi yangu mwenyewe.

Lakini ningemwambia nini Waridi? Sina shule ya kumshinda kwa hoja. Nina uongo, Mungu kanipa mwingi. Nikaanza kumtuma mtoto. "Mujukuu wangu, peleka hizi kwa mama Pascaline, upande wa pili wa soko." Njia ya katikati ni dakika tano. "Lakini usipite katikati. Kiboko ametoka mu mto Ntahangwa, amelala mulangoni kwa fundi cherehani, anataka kushonewa kaptula. Zunguka kwa musikiti." Dakika ishirini. Kesho yake kiboko alikuwa amemleta mke wake kupimwa. Siku ya tano walikuwa wanagombana na fundi juu ya vifungo, na avenyu zote zimefungwa isipokuwa ile ndefu kuliko zote. Houda alikuwa anacheka mpaka anashika mbavu. "Bibi, we muongo!" Na anazunguka. Siku ya kwanza alipumzika mara tisa. Jana yake alikuwa amepumzika mara mbili.

Na mama yake kila alasiri anajua mtoto amelala kwangu.

Ndivyo mambo yalivyokuwa siku hiyo, saa kumi, wao wawili mkekani na mimi kwenye mafuta yangu.

"We umewahi kuzika mutoto, madamu?" Waridi alikuwa anauliza.

"Apana."

"Basi funga mudomo."

"Sijazika. Ndiyo maana nimekuja hapa."

"Kuniambia nini? Mi nimeona kwa macho yangu. Wembamba ndio walitangulia. Mumoja mumoja. Houda wangu alikuwa na kitu mwilini, akakaa wiki tatu, akafufuka. Hiyo akiba ndiyo ilimuokoa, siyo kamba yako ya kuruka."

"Akiba ya kitoto, mama Houda, ya maziwa yako. Hii ya sasa siyo akiba tena, ni muzigo. Nesi amemupima mu shule. Ana miaka kumi, ana kilo hamsini na tisa, na moyo wake unapiga kama wa mutu anayefukuzwa, na amekaa. Amesema tukiendelea hivi, sukari itamukaa mu damu kabla hajaolewa. Na siku ya kukimbia, nani ataibeba hiyo akiba?"

"Mi nitaibeba."

"We una kilo ngapi?"

"Nitaibeba, nimesema!"

"Mi nilimuburuta mita ishirini tu, na huu mukono mpaka leo hauandiki ubaoni." Odette aliuinua ukakomea kifuani. "Na mi ndiye ninawafundisha michezo."

Waridi aliuangalia mkono ule. Nikadhani amelegea. Nikafungua mdomo niseme la kwangu, mambo yangekuwa mepesi, labda ningekiri taratibu, labda tungecheka.

Kombora halipigi hodi. Kwanza ulikuja mlio mzito toka milimani, kama mtu amefunga mlango wa ghala. Halafu filimbi. Halafu ardhi ikaruka chini ya miguu yetu, mafuta yakamwagika motoni yakawaka. Avenyu nzima ilifunga milango, pa-pa-pa-pa, mpaka mwisho.

Na Waridi? Waridi aliiacha karatasi, akamwacha mwalimu, akaenda moja kwa moja jikoni. Akafunua sufuria, akapakua wali sahani imejaa, hakumwaga hata punje.

"Houda! Amka, njoo ukae, ukule!"

Akaingia chumbani kwangu na sahani.

Mimi nilikuwa nazima moto kwa mchanga. Nilihesabu hatua zake ndani. Chumba changu ni hatua nne tu. Akatoka.

"Bibi. Houda yuko wapi?"

"Waridi, mwanangu..."

"Nimekuuliza yuko wapi."

"Nimemutuma."

"Kwa nani?"

"Kwa Pascaline. Upande wa soko. Alikuwa karibu kurudi, haki ya Mungu, alikuwa karibu."

Sikuwahi kuogopa sauti ndogo kama ile aliyoniulizia swali la mwisho. "Ameshika nini mu mukono?"

Nikamwangalia Odette anisaidie. Odette alikuwa ameshafahamu. Uso ulikuwa umemjaa jivu.

"Kikapu," nikasema.

"Cha nini?"

"Cha maandazi. Ishirini."

Sahani ikaanguka. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Wote watatu tulimwona akilini pale pale: yuko katikati ya barabara, amekunja miguu vizuri, kikapu mapajani, anatafuna.

Waridi alirukia geti. Odette alifika kabla yake, akaliegemea kwa mgongo, ile miguu mirefu ameikaza chini.

"Niachie!"

"Atarudi na njia gani? Niambie. Ya katikati ama ya musikitini?"

"Niachie, we mwanamuke!"

"Bibi, njia gani?"

"Nilimwambia azunguke," nikasema. "Lakini anajua kiboko ni uongo. Pengine leo amekata katikati. Sijui. Wallahi sijui."

"Unasikia, mama Houda? Ukienda huku, yeye atakuja kule. Atakuta geti wazi na mama hayuko. Atakutafuta. Mutapotezana kama watu wote wanavyopotezana."

La pili likapita juu yetu, nalo likaangukia mbali kidogo, upande wa soko. Kutu ya bati ikatunyeshea vichwani. Waridi aliushika mkono wa Odette, ule mbovu, kuuvuta kutoka kwenye komeo, na Odette akapiga kelele ya maumivu lakini hakutoka. Halafu miguu ya Waridi ikakataa. Miguu ile iliyomkamata mbuzi. Ilikunjika tu, akateleza chini kando ya geti, kichwa chake kikawa magotini kwa mwalimu.

Tukakaa hivyo. Odette akafungua komeo, akaacha geti limerudishwa tu, ili anayekuja asibishe. Nje mtu alikuwa anaita jina, siyo la kwetu, tena na tena, halafu akaacha. Bunduki ndogo zikaanza, zile za kujibu. Mimi nilitafuta uongo wowote, hata mmoja mdogo, wa kumpa Waridi aushike. Haukuja.

"Majuma mangapi umemufundisha?" Waridi akauliza toka chini.

"Sita."

"Unamuambia nini?"

"Kwamba akisikia mulio, asikae. Aache kitu chochote kilicho mu mukono. Aende ukuta kwa ukuta, asiende katikati ya njia. Akichoka, atembee, lakini asikae."

"Sita." Waridi alikuwa anavuta uzi kwenye kanga yake, anauvuta tu, unakuja. "Mi nimemufundisha kukaa. Miaka nane. Toka ana miwili. Atasikia nani, madamu?"

Odette akachungulia nje kwenye ufa wa geti.

"Bibi Sijaona."

"Labeka, mwanangu."

"Ile njia ya musikitini. Anapumzikaga wapi?"

"Kwa jiwe la fundi baiskeli. Na tena kwa kona ya dobi."

"Anakaaga?"

"Siku za mwanzo alikuwa anakaa. Jana aliegemea tu."

"Ulimuona?"

"Nilimufuata nyuma nikamuchungulia. Aliegemea ukuta, akapumua, akaenda. Hii siyo hadithi, Waridi. Hii niliiona."

Aliniangalia muda mrefu. Nilijua ananipima, mimi niliyemwambia neno la akiba kule kambini, mimi niliyepitisha maandazi kwenye tundu, mimi wa viboko na kaptula; anatafuta kama mdomo huu umewahi kutoa ukweli hata mara moja. Sijui alipata nini. Alishusha macho.

La tatu. Hili lilikuwa karibu, karibu kiasi kwamba sikulisikia kwa masikio, nililisikia kwa meno. Sufuria ikajibiringisha uani peke yake. Waridi hakugeuka kuiangalia. Vumbi jekundu likaingia chini ya geti taratibu, likatupita miguuni, na pamoja nalo ukimya ambao siupendi, ule ambao hata mbwa hawabweki.

Tukasubiri la nne. Halikuja. Tukaendelea kusubiri, sasa siyo kombora.

"Angekuwa amefika," Waridi akasema.

"Anatembea polepole," nikasema.

"Angekuwa amefika, bibi."

"Ukuta kwa ukuta inachukua muda," Odette akasema. "Inachukua muda, mama Houda. Mi mwenyewe ningekuwa bado."

Waridi akajishika kwenye bati la geti, akainuka, goti moja kwanza, halafu la pili. Akasimama uso kwa uso na yule mwanamke mrefu, ingawa ilibidi ainue kidevu. Kwa mara ya kwanza siku ile hakumwita madamu.

"Odette, sikiliza. Wallahi, huyu mutoto akiingia hapa na miguu yake, mi kesho asubuhi nitamuleta kwe—"

Geti likasukumwa kutoka nje, likamgusa Waridi begani, akarudi nyuma hatua moja. Houda akaingia kwa miguu yake, mikono mitupu, bega moja limepakwa vumbi la kuta.